Kusafisha Damu Hakuponyi Kifua Kikuu

Wiki haipiti bila kuulizwa: “Daktari, kikohozi kimekatika na mwili umerudi. Kwa nini nisiache vidonge, nimalizie na dawa ya kusafisha damu?”

Usafishe damu ipi? Makazi ya bakteria wa TB ya mapafu si damu. Ukiwavuta kwa pumzi, humezwa na makrofaji, seli za kinga zenye kazi ya kumeza vijidudu na kuvimeng’enya kwa tindikali. Bakteria huyu huuzuia mfuko uliommeza usiungane na mfuko wenye vimeng’enya; tindikali haikolei, naye anazaliana humo humo. Hatimaye seli hufa, na seli zinazokuja kuzoa mabaki huambukizwa. Mwili hulizingira eneo hilo kwa seli nyingine, na ndani ya mzingiro huo baadhi ya bakteria hupunguza ukuaji hadi karibu kusimama. Hao ndio wagumu kuwaua.

Hakuna mchanganyiko wa mizizi, tangawizi wala kitunguu saumu uliothibitishwa kuwamaliza humo. Na mkojo mwekundu mnaonionyesha kama ushahidi kwamba uchafu unatoka, hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya vidonge mnavyotaka kuviacha!

Nafuu ya mwezi wa pili maana yake wanaozaliana haraka wamekufa. Ukiacha hapo, waliobaki wataamka, na ukimeza kwa kurukaruka unawapa nafasi wenye usugu. Miezi 6 ya tiba haikutungwa ofisini. Zamani tiba ilifika mwaka mmoja na nusu. Majaribio ya miaka ya 1970, yaliyofanyika kwa wagonjwa wa hapa hapa Afrika Mashariki, yalisaidia kuifupisha.

La kufanya ni hili. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda: peleka makohozi kituo cha afya. Dawa hutolewa bure kwenye vituo vya serikali: kwa kawaida nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, kila siku. Taja ARV au vidonge vya uzazi wa mpango unavyotumia, maana rifampisini huvipunguza nguvu. Macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo au miguu ikifa ganzi, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Watoto unaoishi nao wapimwe. Na vidonge vimalize vyote, hata kama unajisikia mzima.