Mashine ya kufua ikitoa harufu ya kuungua: zima stima kwanza

Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Kware ni wakati wa kufua. Kamba za nguo zimefungwa, mitungi imejazwa maji, na katika baadhi ya nyumba za kupanga mashine ya kufua imechukua nafasi ya beseni. Mashine hiyo ikianza kutoa harufu ya mpira au plastiki inayoungua, wengi huizima kwa dakika chache, huangalia nguo, kisha huiwasha tena kuona kama harufu imeisha. Hilo ndilo kosa kubwa. Harufu hiyo ina maana kwamba kuna kitu ambacho tayari kimepata joto kupita kiasi, na kuiwasha tena mashine ni kukiongezea joto.

Hatua ya kwanza ni kukata umeme. Kubonyeza kitufe cha mashine hakutoshi, kwa kuwa waya wa kutoka kwenye soketi huendelea kuwa na stima. Mkazi azime swichi ya soketi na kuchomoa plagi, mradi mikono yake ni mikavu na sakafu haina maji. Iwapo soketi ni moto, imebadilika rangi au inatoa moshi, asiiguse. Azime swichi kuu ya nyumba.

Katika ploti nyingi, shida huanzia hapo. Mpangaji hajui swichi kuu iko wapi, au boksi lake limefungwa na keateka ametoka na ufunguo. Kila mpangaji anashauriwa kuulizia swichi hiyo siku anapohamia, na wenye ploti wanahimizwa kuhakikisha inafikika saa zote.

Baada ya umeme kukatwa, harufu yenyewe husaidia kutambua chanzo. Harufu ya mpira mara nyingi hutoka kwenye mkanda unaozungusha pipa la nguo. Nguo zikijazwa kupita kiasi, au blanketi zito likilowa, pipa hushindwa kuzunguka na mkanda huteleza hadi ukaungua. Harufu kali ya plastiki, au inayofanana na ya samaki, mara nyingi hutoka kwenye plagi, soketi au waya. Harufu nzito ya rangi iliyoungua, hasa mashine ikinguruma bila kuzunguka, huashiria kwamba mota inaungua.

Maji nayo yana mchango. Visima vingi vya Kajiado hutoa maji yenye chumvi nyingi, na katika mashine zinazopasha maji joto, chumvi hiyo huganda kwenye koili kama utando mweupe, jinsi inavyoonekana ndani ya birika. Koili iliyofunikwa hivyo hupata joto kupita kiasi na huharibika mapema. Dawa ya kuondoa utando huo itumiwe kwa kufuata maelezo ya kijitabu cha mashine.

Mara nyingine mashine ni nzima, na kinachoungua ni ekstensheni. Soketi ya kawaida nchini imeundwa kubeba ampea 13, ambazo kwa umeme wa volti 240 ni takriban wati 3,100. Mashine inayopasha maji inaweza kutumia wati 2,000, na birika la umeme wati 2,000 nyingine. Vyote viwili vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, mzigo unafika wati 4,000. Ekstensheni yenye waya mwembamba, au iliyokunjwa chini ya zulia, inaweza kuyeyuka hata kabla ya kufikia kiwango hicho. Mashine ya kufua ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Fyuzi ya plagi ikiungua, isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi hukata umeme mzigo unapozidi, na ukiiondoa, waya wa nyumba ndio utakaoungua badala yake. Hata fyuzi nzima haioni kila hatari: plagi iliyolegea kwenye soketi inaweza kupata joto na kuyeyuka bila fyuzi kukatika.

Stima inapokuwa dhaifu na taa kufifia, mota huhangaika na kupata joto. Ni bora kusitisha kufua. Tokeni zikiisha au stima ikipotea mashine ikiwa kazini, ichomolewe. Umeme unaweza kurudi wakati hakuna mtu nyumbani.

Mashine iliyotoa harufu isitumike tena hadi ikaguliwe na fundi anayezijua. Kazi ya soketi na nyaya za nyumba ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza.

Moshi ukizidi au moto ukionekana, maji yasimwagwe kwenye mashine, kwa kuwa maji hupitisha umeme. Mlango wa mashine usifunguliwe, kwa sababu hewa huchochea moto. Kizima moto cha unga mkavu au cha gesi ya kaboni kinafaa moto ukiwa bado mdogo. La sivyo, watu watoke, mlango wa nyumba ufungwe bila kufuli, majirani wagongewe na simu ipigwe 999 au 112. Kwa hitilafu ya mita au nguzo ya stima, nambari ya Kenya Power ni 97771.

Katiba ya mwaka 2010 imekabidhi kaunti huduma za kuzima moto. Hata hivyo gari la zimamoto linahitaji njia, na nyumba nyingi hazina nambari. Anayepiga simu ataje shule, kanisa, msikiti au steji iliyo karibu, na mtu mmoja asimame barabarani kulielekeza. Magari na mawe ya ujenzi yasizibe lango la ploti.

Nyumba za ploti hugawana kuta na mara nyingi nyaya, hivyo moto wa chumba kimoja ni moto wa wote. Mkazi anayesikia harufu ya kuungua kutoka kwa jirani asione haya kubisha hodi.