Jua la Jeddah na swali la mpwa wangu

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa nimekaa kivulini na wenzangu katika yadi ya Bandari ya Jeddah. Mimi ni fundi wa makontena ya baridi, na wakati wa kiangazi sheria ya hapa inakataza kazi za juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Simu ikalia. Alikuwa dada yangu wa Tanga, naye akampa mwanawe.

"Shikamoo mjomba. Matokeo yametoka, nimefaulu!"

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Sasa unataka kusoma nini?"

"Uhandisi wa mafuta. Si uko Saudia, mjomba? Nikimaliza utanitafutia kazi huko."

Nyinyi mnaotuma pesa nyumbani kila mwezi mnajua maana ya simu kama hiyo. Sehemu kubwa ya ada ingetoka mfukoni mwangu. Nikamwomba wiki moja nifikiri. Miaka kumi na miwili niliyokaa hapa imenionyesha kuwa nchi hii ya mafuta nayo inatafuta njia nyingine, na nilitaka kuhakikisha kabla ya kumjibu kijana wa watu.

Sola ya Shuaibah

Kusini mwa Jeddah kuna Shuaibah. Wapenda historia wanajua kwamba ndiyo iliyokuwa bandari ya Makka mpaka Khalifa Uthman alipoihamishia Jeddah mwaka 647. Leo Shuaibah inajulikana kwa mitambo ya kusafisha maji ya bahari na ya kuzalisha umeme, na sasa kwa miradi miwili ya sola: mmoja wa megawati 600, mwingine wa megawati 2,060. Kwa sisi Watanzania, tulinganishe na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Tofauti ni kwamba bwawa linaweza kuzalisha usiku, na paneli zinalala jua likizama.

Kilichonishangaza zaidi ni bei. Mwaka 2021, umeme wa ule mradi mdogo ulikubaliwa kuuzwa kwa senti 1.04 ya dola ya Marekani kwa uniti, bei ya chini kuliko zote duniani wakati ule. Hesabu ya Saudia haihitaji shahada. Pipa la mafuta lisilochomwa kwenye mtambo wa umeme ni pipa la kuuza nje.

Upepo, treni na miti

Kaskazini, katika mkoa wa Al Jouf, kuna mradi wa sola wa Sakaka wa megawati 300, uliozinduliwa mwaka 2021. Mkoa huohuo una shamba la upepo la Dumat al-Jandal: mitambo 99, megawati 400. Ndugu zetu Wakenya watakumbuka shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye mitambo 365 na megawati 310. Mitambo ya pande zote mbili ilitengenezwa na kampuni moja, Vestas ya Denmark, ila ile ya Saudia ni mipya na mikubwa zaidi. Kwa hiyo Afrika Mashariki haikuchelewa katika jambo hili. Tena umeme mwingi wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Mjini mabadiliko yanaonekana kwa macho. Treni ya umeme ya Haramain inaunganisha Makka, Jeddah na Madina tangu mwaka 2018, kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Nilipokwenda Riyadh kikazi nilipanda metro iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2024: njia sita, vituo 85, treni zisizo na dereva, nauli riyali nne. Jiji hilo pia limepanga kupanda miti milioni 7.5, inayomwagiliwa maji taka yaliyosafishwa.

Adui anaitwa vumbi

Mtu wa Tanga atadhani jangwa ni pepo ya sola. Sivyo. Vumbi likitanda juu ya paneli, umeme unashuka, na maji ya kuoshea hapa ni ghali. Ndiyo maana kuna roboti zinazozifuta kavu. Chuo kikuu cha KAUST kule Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, kimekuwa kikifanya utafiti juu ya tatizo hilo. Wanafunzi mnaosoma makala haya mjue: KAUST huchukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na wanaokubaliwa hupata ufadhili wa ada, makazi na posho.

Nilichomwambia

Wiki ilipoisha nilimpigia, nikamweleza na machungu pia. Saudia bado inaishi kwa mafuta. Lengo lake ni nusu ya umeme utokane na nishati jadidifu ifikapo 2030, na kufuta uzalishaji halisi wa hewa ukaa ifikapo 2060, lakini lengo si tendo. Kazi nyingi za ofisini zinatengewa raia. Mgeni mwenye familia hulipa riyali 400 kwa mwezi kwa kila mtegemezi. Mimi, kwa mke na mtoto mmoja, nalipa 800 kabla hatujanunua mchele.

"Usisome kwa ajili ya nchi ya watu," nikamwambia. "Soma umeme. Anayejua umeme atafanya kazi kwenye mafuta, kwenye bwawa, kwenye sola. Anayejua kisima peke yake anategemea kisima."

Dada alinuna. Alishajenga ndoto ya mwanawe kuja kukaa karibu nami. Lakini kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, hizo roboti za vumbi, nani anazitengeneza zikiharibika?"

Fomu aliijaza mwenyewe: uhandisi wa umeme chaguo la kwanza, mafuta la pili. Amepata la kwanza. Ada ya mwaka wa kwanza nimeshaituma, na mwaka huu sisi hatutakwenda likizo Tanga. Mke wangu alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Mtoto bado anauliza bibi atamwona lini.