Bawabu wa Intaneti Ofisini

Wengi wetu tukimaliza masomo tutatafuta kazi katika ofisi za hapa Bujumbura, na baadhi ya ndugu zetu waliotutangulia shuleni humu wamekwisha kuwa wakubwa wa kazi. Kwa hiyo yafaa sote tufahamu jinsi tajiri anavyozuia intaneti kazini, na mahali haki yake inapokoma.

Burundi haina pwani. Intaneti yetu hupitia nyaya za Bahari ya Hindi zinazofika Dar es Salaam na Mombasa, kisha husafiri nchi kavu mpaka kwetu. Ofisi hununua kiasi chake, na makarani wote hugawana. Wawili wakitazama mpira, wa tatu mwenye hesabu za kupeleka benki hungoja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuzuia. Ya pili ni saa za kazi zinazopotea.

Kuzuia hufanywa hivi. Maombi ya kompyuta zote hupita katika chombo kiitwacho ruta, nacho ni kama bawabu mwenye orodha. Jina la tovuti likiwa limekatazwa, ombi hurudishwa. Bawabu huona mtu aendako, lakini kwa kawaida hasomi barua aliyochukua, maana tovuti nyingi siku hizi hufumba maneno yake. Tajiri atakaye kuisoma hutia programu ya upelelezi ndani ya kompyuta yenyewe.

Hapo ndipo penye shauri. Kufunga mlango ni jambo moja, kufungua barua ya mtu ni jingine. Nchini Romania, Bogdan Bărbulescu alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma maneno aliyoandikiana na ndugu yake na mchumba wake. Alijua kwamba mambo ya binafsi yamekatazwa kazini. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba faragha yake haikulindwa: mahakama za kwao hazikuhakikisha kama alionywa mapema kuwa atachunguzwa.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini funzo lake latufaa. Enyi wakubwa, andikeni kanuni, mzibandike ukutani, mseme wazi mnachofunga na mnachotazama. Nasi vijana tukumbuke kwamba kompyuta ya ofisi si mali yetu. Salamu za nyumbani zingoje saa ya mapumziko na simu zetu wenyewe.