Taarifa ya Habari Hupigiwa Hesabu Kutoka Mwisho

Mwanafunzi wa uandishi wa habari anayeingia studio ya televisheni ya chuo kwa mara ya kwanza humkodolea macho msomaji wa habari. Anaona suti, meza inayong'aa, na taa zinazomfanya hata mtu mchovu aonekane amelala vizuri. Ni kawaida, ila huko ndiko kwenye machache ya kujifunza. Kazi yenyewe inafanyika chumba cha pili, penye mwanga hafifu, ambako mtayarishaji, mwongozaji, fundi sauti na mchanganyaji picha wamekaa mbele ya skrini nyingi na saa moja ambayo kila mtu anaiogopa.

Chukua taarifa ya nusu saa inayoanza saa 2:00 usiku. Saa 2:30 kamili lazima iwe imekwisha, kwa kuwa tangazo au kipindi kinachofuata hakisubiri mtu. Kwa hiyo mtayarishaji hupiga hesabu akianzia mwisho na kurudi nyuma. Kuwaaga watazamaji ni sekunde 40, hali ya hewa dakika 1 na sekunde 20, michezo dakika 4. Jumla ni dakika 6, maana yake michezo ianze saa 2:24. Ikiwa mahojiano ya mubashara yamerefuka, saa inasoma 2:23 na bado kuna habari mbili za dakika moja moja, mojawapo haitasomwa usiku huo. Mara nyingi hukatwa ile fupi ya nje ya nchi, tena kwa sababu isiyo ya kitaaluma sana: haina ripota wa kununa. Uamuzi huo huchukua sekunde chache tu, na mtazamaji sebuleni hajui kama amekosa kitu.

Hesabu hiyo huanzia kwenye maandishi. Waandishi wa Kiingereza hufundishwa kukadiria maneno matatu kwa sekunde. Kanuni hiyo ikihamishiwa kwenye chumba cha habari cha Kiswahili jinsi ilivyo, inapotosha, kwa sababu "watakaoandikishwa" ni neno moja lenye silabi nane. Anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuisoma habari yake kwa sauti huku saa inatembea.

Msomaji naye hakariri. Mbele ya lenzi ya kamera kuna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, na chini yake kuna skrini inayoonyesha maandishi yaliyogeuzwa kinyumenyume, ambayo yakiakisiwa kwenye kioo yanasomeka sawasawa. Lenzi iko nyuma ya kioo, imezungushiwa kitambaa cheusi, nayo haiyaoni maandishi hata kidogo. Anayeyasogeza maandishi hufuata kasi ya msomaji. Akimtangulia, macho ya msomaji yataanza kukimbia, na watazamaji wataliona hilo mara moja. Wakati huohuo sikioni mwake kuna sauti ya mtayarishaji: "Ruka habari ya saba, nenda michezo." Kusikia maneno hayo huku mdomo ukiendelea kusoma mengine bila uso kubadilika ndiyo kazi anayolipwa.

Mfano unaotajwa sana wa kuwatia wanafunzi ndani ya mashine hii ni KOMU-TV ya Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Ilianza kurusha matangazo Desemba 1953, inamilikiwa na Chuo Kikuu cha Missouri, na hapohapo ni kituo cha biashara kinachobeba vipindi vya NBC. Wanafunzi huripoti habari zinazotazamwa na wakazi wa kawaida, wasiojali kama aliyekosea bado ana mitihani. Dar es Salaam nako, Chuo Kikuu kina Mlimani TV, ambayo wanafunzi wa Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma huitumia kwa mafunzo.

Anayekwenda kutazama tu, bila kazi ya mkononi, aombe nakala ya mpangilio wa taarifa kabla haijaanza, akae nyuma ya mtayarishaji, kisha aandike kando ya kila habari muda iliotumia kweli. Taarifa ikiisha, aulize kwa nini habari ya nne ilipitiliza kwa sekunde 35, na ni nani aliyelipa deni hilo.