Si Miguu Pekee Inayomwangusha Mzee

Wahenga walinena kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini huyo aliyeona mengi akianguka, utasikia watu wakisema, "Ni uzee tu, miguu imekwisha." Mimi nasema la! Miguu ina sehemu yake, lakini akili na moyo pia vimo. Hebu tulichambue jambo hili.

Tuanze na akili. Sisi vijana hutembea huku tukipiga gumzo na kutafuna mahindi, tukadhani kutembea hakuhitaji fikira. Kumbe ubongo uko kazini! Hupokea habari kutoka kwa macho, sikio la ndani na nyayo, kisha huiamrisha misuli. Mtu azeekapo, hasa akiwa na ugonjwa wa kusahau, kufanya mambo mawili kwa pamoja humlemea. Mwaka wa 1997, watafiti wa Uswidi walichapisha uchunguzi wao kuhusu wazee 58. Walitembea nao huku wakiwaanzishia mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili waweze kujibu. Katika muda wa miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Pili ni moyo. Nyanya yangu aliteleza karibu na kisima mwaka juzi. Hakuvunjika mfupa wowote, lakini tangu siku hiyo hataki kwenda sokoni wala kanisani. Ukimwuliza, "Nyanya, mbona hutoki siku hizi?" hujibu, "Nitaanguka tena, mjukuu wangu." Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shida ni kwamba asiyetembea misuli yake hulegea, na misuli ikilegea ni rahisi kuanguka. Isitoshe, upweke waweza kuleta sonona, ugonjwa unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na umakini. Akipewa dawa za usingizi, nazo zaweza kumfanya apepesuke. Basi ile hofu ya kuanguka yenyewe huwa ndiyo inayomwangusha!

Jambo hili si la mzaha. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Je, sisi wanafunzi tufanyeje? Tufungapo shule, tuangalie njia ya kwenda chooni: pana mawe? Pana taa usiku? Patipati zilizolika tuzitupe. Mzee akiamka, aketi kitandani kidogo kabla ya kusimama, maana damu huchelewa kupanda kichwani. Ukimkuta njiani kwenye utelezi, usimsemeshe akiwa katikati ya hatua. Ngoja asimame, kisha umwamkue.

Tena tusimnyang'anye kazi zote ati twamhurumia. Achambue mboga, alishe kuku, atembee nawe hadi kwa jirani apige soga. Aweza pia kushika kiti imara na kuinuka mara kadhaa kila siku. Hayo huimarisha miguu na kuuchangamsha moyo.

Mwisho, ukiona anasita kila asemeshwapo, anasahau mno au amekuwa mnyonge, waambie wazazi wampeleke kwa daktari, na dawa zake zote wazibebe. Tahadhari kabla ya hatari, wenzangu. Msingoje aanguke kwanza.