Tuutazame Mwezi Kabla ya Kuchagua Pwani



Kila mwaka shule zifungapo, waalimu wa bara hutuletea swali moja: "Twataka kuwapeleka watoto wetu waione bahari. Je, pwani iliyo nzuri kupita zote ni ipi?" Swali hili ni jema, maana mzazi aliyeweka fedha kidogo kidogo mwaka mzima hapendi kuzitupa kwa kwenda mahali pasipofaa. Lakini kila tulipojibu kwa kutaja jina la pwani tu, tulijibu nusu ya swali. Mwezi huu twataka kulijibu lote, nasi tutafuata njia moja tuijuayo, yaani barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Neno letu kubwa ni hili: pwani haichaguliwi kwa mahali peke yake, huchaguliwa kwa mahali na kwa saa. Ufuo ule ule uliokuwa uwanja wa michezo saa nne asubuhi waweza kuwa hatari saa nane mchana. Hatusemi hivi ili kuwatisha watu. Twasema kwa kuwa jambo hilo lilitupata sisi wenyewe, kama mtakavyosoma mbele.

MAMBO MATATU YA KUJUA KWANZA

La kwanza ni mwezi. Katika mchana na usiku mmoja maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, hata tofauti yake katika pwani ya Mombasa huzidi mita 3. Mwezi uwapo nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua, pengine isizidi sana mita 1. Tena liko jambo lifaalo kukumbukwa na kila mgeni: katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa asubuhi. Basi atakaye kutembea mbali na kuona vidimbwi vya mwambani na aje siku za bamvua asubuhi. Bali mwenye watoto wadogo watakao kuoga karibu na ufuo na achague siku za maji mafu.

La pili ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani hii ina ukuta wa matumbawe uliosimama mbali kidogo na nchi kavu. Mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjika huko nje, na maji yaliyo ndani hutulia kama ziwa. Lakini mwamba una milango yake, na penye mlango mkondo hupita kwa nguvu. Palipo mlango si mahali pa kuogea, hata maji yakionekana mazuri namna gani.

La tatu ni pepo. Kusi huvuma toka mwezi wa nne hivi hata wa kumi, nayo huichafua bahari, na zaidi katikati ya mwaka. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi hata wa tatu, na wakati huo maji huwa matulivu zaidi. Likizo ya mwisho wa mwaka yaangukia hapo, na hiyo ni sababu moja ya watu kujaa pwani wakati wa Krismasi.

NJIA YENYEWE

Atokaye kisiwani Mombasa huvuka daraja la Nyali. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Lile la kwanza lilielea juu ya maji. Ng'ambo yake huanza mchanga mweupe wa Nyali, kisha Bamburi, kisha Shanzu. Mchanga huu haukuletwa na mto wo wote. Ni matumbawe na magamba ya konokono wa baharini yaliyosagwa na mawimbi kwa miaka mingi, na kwa hiyo ni mweupe, laini.

Kwa jamaa wasio na fedha nyingi, twapendekeza pwani ya watu wote iliyoko Bamburi, iitwayo kwa jina la Jomo Kenyatta. Hapo hulipi kitu ili kukanyaga mchanga, wauzaji wa mihogo na madafu wapo, tena watu ni wengi, na penye watu wengi mtoto akipatwa na neno huonekana upesi. Ila wingi huo una ubaya wake pia, maana siku za sikukuu mtoto hupotea katikati ya kundi kwa dakika moja. Mvike nguo ya rangi kali, na mwonyeshe mti mmoja wa kukutania.

Hapa twataka kuongeza neno juu ya haki. Mahali pengi viwanja vya ufuoni vimekwisha zungushwa ukuta, na wageni wa bara hudhani kwamba bahari nayo ni ya wenye ukuta. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba nchi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hiyo haikupi ruhusa ya kukatiza uwanja wa mtu ili ufike majini. Yakupasa kuitafuta njia ya umma. Lakini ukiisha kufika mchangani, usione haya. Sisi tumewahi kufukuzwa na mlinzi mmoja, nasi tukaondoka kwa kutojua, na watoto wetu wakatuuliza, "Baba, bahari nayo ina mwenyewe?" Tulikosa la kujibu. Leo tungejibu.

Tukipita Mtwapa twafika Kanamai na Kikambala. Hapa ufuo ni mrefu na mpole, na mwamba u mbali. Maji yakipwa, pwani hubaki kavu mbali sana, na mtu aweza kutembea kitambo kirefu pasipo kupata maji ya kuogea. Wengi wamekuja Kikambala siku ya bamvua saa tano, wakaona majani ya bahari na vidimbwi, wakarudi wakinung'unika. Kosa halikuwa la Kikambala. Wangalikuja maji yajapo, wangaliona ni katika pwani zifaazo kabisa kwa watoto.

Baada ya mashamba ya katani ya Vipingo twavuka hori ya Kilifi kwa daraja lililokamilika mwaka 1991. Zamani magari yalivushwa kwa pantoni. Kaskazini ya hori iko pwani ya Bofa, pana, nyeupe, isiyo na makelele. Huenda macho yetu yaipenda hiyo kuliko zote. Lakini kwa sababu ya ukimya huo huo, usiwaache watoto peke yao hapo hata kidogo: ukipiga kelele, wa kukusikia ni wachache.

YALIYOTUPATA WATAMU

Katika njia panda ya Gede twaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kuume kwenda Watamu. Pwani hii ina sifa ya pekee. Ghuba zake zina visiwa vidogo vya mwamba vilivyoliwa chini na maji hata vikawa kama uyoga, na maji yakipwa, mafungu ya mchanga hutokea katikati ya bahari. Tangu mwaka 1968 bahari ya Watamu na ya Malindi ni hifadhi ya taifa. Kasa huja kutaga katika mchanga wake, na samaki wa kila rangi wamo mwambani. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakafa. Basi aingiaye humo asisimame juu ya matumbawe, wala asivunje hata kipande cha kuchukua nyumbani.

Miaka michache iliyopita tulifika hapo, jamaa tatu za waalimu, watu wazima 6 na watoto 8. Tulifika saa tatu u nusu, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tuliona fungu jeupe mbele yetu, zuri mno, tukavuka kwenda huko, na maji ya kati hayakutupita magotini. Hatukumwuliza mtu. Sisi tuliozaliwa milimani Taita, tulidhani kwamba maji yakija yatakuja mbele yetu, toka bahari kuu, nasi tutayaona na kurudi polepole.

Walakini maji hayaji hivyo. Kwanza hujaza mahali palipo chini, na mahali pa chini palikuwa nyuma yetu, kati ya fungu na nchi kavu. Tena hayaongezeki kwa kipimo kimoja. Saa ya kwanza huongezeka kidogo tu. Katika saa 2 za katikati karibu nusu ya maji yote huingia. Tulikuwa tukila, watoto wakijenga nyumba za mchanga, na fungu lilikuwa bado kubwa. Ilipokaribia saa nane mmoja wetu aligeuka, akanyamaza. Tulipoingia kuvuka, maji yalitufika kifuani, na mkondo ulikuwa ukivuta kwa upande. Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maji yaliyokuwa kifua kwetu yalikuwa juu ya kichwa cha binti yetu wa miaka 6.

Tuliwabeba wadogo mabegani, tukarudi nyuma tena, maana mwalimu mwenzetu aliteleza akazama pamoja na mtoto, akainuka naye. Ndipo mzee mmoja mvuvi alipokuja na dau lake, akatuvusha kwa safari mbili. Vikapu, viatu, na nguo za watoto vilikwenda na maji. Watu wote walipona, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini binti yetu mpaka leo hukaa mchangani wenziwe wakioga.

Tulipomshukuru yule mzee na kumwomba apokee kitu, alikataa, akasema, "Mwalimu, mmeitazama pwani, lakini hamkuutazama mwezi." Kisha akauliza kwa upole, "Hapa tulikuwapo wavuvi 5 asubuhi tukishona nyavu. Mbona hamkutwambia hata shikamoo?" Neno hilo lilituchoma kuliko hasara ya vitu. Tulikuwa tumewapita wale wazee kama tupitavyo miti. Lau tungaliwaamkia tu, wangalituuliza twendako, na habari ingalikwisha hapo.

SAA AMBAZO BAHARI HAIFAI

Msidhani kwamba siku yenye saa mbaya imepotea. Karibu na njia panda ile upo mji wa kale wa Gedi, magofu ya nyumba na misikiti chini ya miti mikubwa, yaliyoingizwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Humo mna kivuli, na watoto watajifunza. Tukifanya safari sasa, kwanza twaangalia saa za maji, ndipo tupange: bahari kwa saa zake, na magofu kwa saa zilizobaki.

Mwisho wa njia ni Malindi, alipofika Vasco da Gama mwaka 1498. Hapa mgeni hushangaa kuona mchanga si mweupe, na pengine maji ni ya rangi ya udongo. Sababu ni mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji. Mto huo ni ule ule uitwao Athi huko juu, utokao upande wa Nairobi na kupita Ukambani. Mvua ikinyesha huko hubeba udongo wa mashamba, na kaskazi ivumapo huusukuma udongo huo kuja Malindi. Kwa hiyo mkulima wa bara asimamaye Malindi na kuchukia uchafu wa maji huenda anatazama shamba lake mwenyewe.

Tena katika ghuba ya Malindi hakuna mwamba wa kuyakinga maji kama kule Nyali, kwa hiyo mawimbi hufika mpaka ufuoni, hasa wakati wa kusi. Vijana wenye nguvu huyafurahia. Watoto wadogo na wasipite maji ya magoti, na mtu mzima asimame upande wa bahari, si upande wa nchi kavu.

Basi, ndugu waalimu, mkituuliza tena pwani ipi ni nzuri kupita zote, tutawauliza kwanza: Mwezi una siku ngapi? Pepo gani zavuma? Mwamba uko wapi, na mlango wake uko wapi? Nanyi mmewaamkia akina nani mlipofika? Atakayeweza kujibu hayo manne, pwani yo yote katika njia hii itamfaa. Asiyeweza, na asione haya kukaa kwanza chini ya mnazi pamoja na washonao nyavu. Kuuliza si ujinga, na wenyeji wa pwani huwaambia kwa furaha wale waulizao.