Mwangaza wa Simu Hausomi Eksirei

Swali ni lile lile, kila wiki: "Daktari, nimeongeza mwangaza wa simu mpaka mwisho, mbona bado sioni kitu kwenye hii eksirei?" Mtu kainua filamu ya kifua dirishani, kaipiga picha, kairusha WhatsApp. Mpokeaji anaitazama barazani Ujiji saa kumi jioni, jua limeinamia upande wa Kongo na Ziwa Tanganyika zima linameremeta. Akiwa ndugu wa mgonjwa, simlaumu. Akiwa tabibu mwenzangu, subira hunitoka.

Wengi huamini kuwa mwanga ukizidi, macho huona zaidi. Hapana. Eksirei husomwa kwa tofauti kati ya kijivu na kijivu jirani yake. Ukipandisha mwangaza wa skrini nyingi za kawaida, weupe unapanda na weusi unapanda nao, kwa sababu taa ya nyuma huvuja hata mahali panapotakiwa pawe peusi. Uwiano haubadiliki.

Kisha huja mwanga wa nje. Fanya hesabu mwenyewe. Kivulini mchana, tuseme pana laksi 10,000. Kioo kikitawanya asilimia 4 tu ya mwanga huo kuja machoni, kila sehemu ya picha, hata nyeusi tii, inapakwa kandela 127 hivi kwa mita ya mraba. Simu ya kandela 500 inabaki na weupe unaozidi weusi mara tano. Skrini ya kusomea radiolojia hutakiwa kuzidi mara 250, na inayopendekezwa ni karibu 350. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili hawahitaji somo hapa: taa ni ile ile, lakini mwezi ukiwa mpevu wanabaki nchi kavu, maana taa haina tena giza la kushindana nalo.

Sisemi mwangaza hauna kazi. Miongozo ya Marekani inataka skrini ya kutolea majibu ifike walau kandela 350, na ya matiti 420. Ila inataka pia chumba kififie, na skrini ipimwe ili kila ngazi ya kijivu ionekane kwa macho kuwa hatua sawa na nyingine. Zamani, madaktari waliotazama picha ya mionzi moja kwa moja kwenye kioo hafifu walivaa miwani myekundu kabla ya kazi ili macho yazoee giza. Leo mtu anatoka juani na kutoa majibu hapo hapo!

Na hata ukijifungia gizani, picha yenyewe imeshapungua. Eksirei ya kidijitali ya biti 12 ina ngazi 4,096 za kijivu. Picha ya simu hubeba 256, kisha WhatsApp inaibana tena. Kifua kikuu kilichotapakaa mapafuni huonyesha punje za milimita 1 hadi 3. Zikishafutwa njiani, hakuna kitufe cha mwangaza kitakachozirudisha. Dirisha nalo linaongeza balaa: anga linalozunguka filamu linapofusha kamera kwanza, wewe baadaye.

Basi, haraka haraka. Omba faili halisi kwenye CD au kwa mtandao wa hospitali, pamoja na majibu yaliyoandikwa. Filamu iwekwe kwenye kisanduku chenye taa, na kingo zake zizibwe kwa karatasi nyeusi. Lazima simu? Zima flashi, piga kwa kamera iliyo sambamba na filamu, kisha piga kila pafu peke yake. Msomaji afute kioo, avute pazia, azime rangi ya njano ya usiku na mwangaza unaojibadilisha wenyewe, asubiri macho yatulie dakika kumi. Leta na filamu ya zamani. Mara nyingi inasaidia kuliko skrini ya bei kubwa. Na mgonjwa akihema kwa shida, acheni kutumiana picha, mwahisheni Hospitali ya Maweni.